Kinjikitile Ngwale: mtu wa Ngarambe na mhusika wa darasani

Kila darasa linalosoma tamthilia ya Kinjeketile hufika kwenye swali moja, hata kama mwalimu hakulipanga: je, mtu huyu aliwadanganya wenzake? Darasa hugawanyika mara moja. Wapo wanaomtetea kama shujaa, wapo wanaomhukumu kama mganga aliyewapeleka watu wake kwenye risasi, na kengele hulia kabla hawajapatana. Mahali pengine swali hili huishia kwenye karatasi ya mtihani. Huku kwetu Butembo haliishii hapo. Siku tulipolijadili sisi, mwenzetu mmoja aliyekulia vijiji vya Lubero alikaa kimya saa mbili nzima. Tulipotoka ndipo akatuambia kwamba maji hayo yeye anayafahamu. Amewahi kuona vijana wakinyunyiziwa, na mmoja wao alikuwa wa nyumbani kwao.

Tangu siku ile nimeshindwa kulijibu swali kwa wepesi. Nikarudi nyuma kutafuta mtu mwenyewe, yule aliyeishi kabla ya tamthilia, kwa sababu katika insha zetu (zangu zikiwemo) mtu na mhusika huchanganywa kama unga na majivu. Kuna njia rahisi ya kuwatenganisha. Wanahistoria waliomwandika mtu huyo humwita Kinjikitile, na mtunzi wa tamthilia alimwita Kinjeketile. Ni irabu mbili tu, lakini nitazishika: hapa Kinjikitile ni mtu, Kinjeketile ni mhusika.

Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe, upande wa magharibi wa vilima vya Umatumbi, kusini mwa mto Rufiji, katika nchi ambayo leo ni Tanzania na wakati ule ilikuwa koloni la Wajerumani. Utoto wake haukuandikwa na mtu yeyote. Anaingia katika historia akiwa tayari mtu mzima, mwenye wake na watoto, mwaka 1904, na anatoka mwaka uliofuata. Maisha yake yote yanayojulikana yanajaa ndani ya mwaka mmoja na kidogo.

Mwaka huo haukuwa wa kawaida. Tangu 1902 serikali ya Wajerumani ilikuwa imeanzisha mashamba ya pamba ya vijiji. Watu walitoka katika mashamba yao ya mtama na mpunga kwenda kulima pamba ya serikali chini ya maakida na majumbe, na mwishoni walipewa malipo madogo kiasi kwamba wengine walikataa kuyapokea. Aliyekataa kazi alipigwa viboko. Kodi nayo ilidaiwa. Gavana aliyesimamia mpango huo alikuwa Graf von Götzen, na jina lake halipaswi kuwa geni kwetu wa Kivu: ndiye yule yule aliyepita huku mwaka 1894, akapanda Nyiragongo na kuliona Ziwa Kivu kabla ya Mzungu mwingine yeyote kuliandika, kisha akaendelea na safari yake kuvuka Kongo. Miaka saba baadaye alirudi Afrika ya Mashariki akiwa gavana.

Sasa kisa chenyewe, kama wazee wa Umatumbi walivyokisimulia. Asubuhi moja, kama saa tatu, Kinjikitile alikuwa nje ya nyumba yake na jamaa zake wakiota jua. Ghafla akalala kifudifudi, mikono mbele, akaanza kuvutwa kuelekea majini. Wakamshika miguu ili kumzuia, naye akalia kwamba wanamwumiza, wamwache. Akatoweka ndani ya kidimbwi. Waliojua kuogelea walipiga mbizi wakamtafuta, wasione kitu. Ndugu zake wakalala ukingoni usiku kucha, wakiwaza kwamba kama amekufa maji yatamrudisha maiti, na kama amechukuliwa na pepo watajua pia. Kesho yake, saa tatu ile ile, akatoka mzima, na nguo zake kavu kama alivyozifunga jana yake.

Ninapenda sana habari ya nguo kavu. Msimuliaji angeweza kusema tu kwamba alirudi mzima. Lakini ameangalia nguo, kama mke anavyoangalia nguo za mumewe anaporudi nyumbani alfajiri.

Alipotoka alianza kusema mambo ya unabii. Alieleza kwamba wazee waliokufa watarudi, kwamba wako kwa Bokero huko Rufiji, kwamba simba na chui hawatakula watu tena, na kwamba wote ni watu wa Sayyid Said. Bokero lilikuwa jina la mzimu mkubwa wa mto Rufiji, ambaye watu wa nchi ile walimwendea kwa ajili ya mvua na mavuno tangu zamani. Pepo aliyempanda Kinjikitile aliitwa Hongo, naye alikuwa chini ya Bokero. Kwa hiyo Kinjikitile hakubuni dini mpya. Alisimama mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kupeleka shida zao. Jipya lilikuwa shida waliyopeleka safari hii.

Alijenga nyumba kubwa iliyoitwa nyumba ya Mungu, na watu wakaanza kumiminika Ngarambe. Walikuja kwa makundi, wanaume na wanawake, kutoka vilima vya Umatumbi na mbali zaidi, wakitaka kuwaona wazee wao waliokufa na kupewa dawa. Dawa ilikuwa maji yenye nafaka. Yalinywewa, yalipakwa mwilini, yalibebwa katika vibuyu, na ahadi yake ilikuwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji zikimfikia aliyeyapokea. Yalikuwa na masharti: usimwendee mwanamke, usipore mali. Habari zilipitishwa kwa mnong'ono kutoka mtu hadi mtu, mtindo ambao Wamatumbi waliuita njwiywila, na wajumbe walioyapeleka maji mbali waliitwa hongo, kwa jina la pepo mwenyewe. Kwa miezi mingi wakubwa wa serikali waliona misafara hiyo wakadhani ni mambo ya mvua na mizimu.

Hapa ndipo pana jambo ambalo insha zetu hulipita mbio. Kinjikitile hakuwaambia watu waanze vita. Aliwaambia wangoje, hadi yeye atakapotoa amri. Maji yalikuwa bado yanasafiri, makabila yalikuwa bado yanapokea, na kungoja kulikuwa sehemu ya mpango. Lakini pamba haikungoja. Ilipofika mwisho wa Julai 1905, watu wa Nandete katika Umatumbi walichoka. Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia katika shamba wakang'oa miche michache ya pamba, na kung'oa huko kulikuwa tangazo la vita. Ngoma zikapigwa. Akida wa Kibata akazingirwa. Vita vya Majimaji vilianza bila amri ya mtu ambaye leo tunaviandika kwa jina lake.

Siku chache tu baadaye Wajerumani walimkamata Kinjikitile. Tarehe 4 Agosti 1905 walimnyonga Mohoro, pamoja na msaidizi wake, kwa kosa la uhaini. Imesimuliwa kwamba akiwa chini ya kitanzi alitamka kuwa kifo chake hakibadilishi kitu, kwa kuwa dawa ilikwisha kufika Kilosa na Mahenge. Kama aliyasema au hakuyasema, ilikuwa kweli kuhusu dawa. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu walilivamia boma la Mahenge mchana kweupe, wakakutana na bunduki za mtombo, wakafa kwa mamia. Vita vikaingia Ungoni na kuendelea hadi 1907. Wajerumani walivimaliza kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Wao wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa baadaye alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa.

Tazama tarehe tena, maana zinaamua mengi. Mtu alikufa tarehe 4 Agosti. Mahenge ilikuwa tarehe 30. Kinjikitile hakuishi kuona kushindwa kukubwa kwa maji yake. Hakuwahi kusimama mbele ya maiti za watu waliomwamini, wala kuulizwa na majeruhi kwa nini risasi haikugeuka maji. Kwa hiyo tunapouliza kama alijuta, kama alitambua kosa lake, kama alipaswa kukiri, hatuulizi juu ya mtu. Tayari tumevuka tukaingia kwa mhusika, na wengi wetu tunavuka bila kujua.

Habari hizi zimetufikiaje? Upande mmoja ni maandishi ya Wajerumani, ambao walitaka kuonyesha kwamba waganga waliwarubuni watu wajinga, maana hapo lawama haifiki kwenye pamba. Upande mwingine ni wazee. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitawanyika katika mikoa ya kusini, wakakaa na watu waliokuwa watoto au vijana wakati wa vita, wakaandika walichoambiwa. Gwassa, pamoja na John Iliffe, walitoa kitabu kidogo cha kumbukumbu hizo mwaka huo huo. Bila kazi hiyo tusingekuwa na kidimbwi, wala jamaa waliolala ukingoni, wala nguo kavu. Nalisema hili kwa wenzangu wanaolalamika kwamba kazi ya uwandani haina faida kwa mtu wa lugha.

Mhusika naye alizaliwa miaka ile ile, katika chuo kile kile. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, aliyezaliwa 1943, alitoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, na mwaka uliofuata akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Katika utangulizi wake anamwonya msomaji kwamba mtu wa tamthilia ni kiumbe cha ubunifu, na kwamba historia imepindwa pale sanaa ilipohitaji. Onyo hilo limechapwa mwanzoni mwa kitabu, na bado kila mwaka kuna anayemnukuu mhusika kama shahidi wa historia.

Alipinda nini? Kubwa kuliko yote, alimpa Kinjeketile muda. Mhusika haondolewi mwanzoni mwa vita kama mtu alivyoondolewa. Anaishi, anaona watu wake wakianguka, anafungwa. Na kwa kuwa ana muda, ana shaka. Kumbuka lile neno la Sayyid Said. Kinywani mwa mtu wa mwaka 1904, jina la sultani wa Zanzibar aliyekwisha kufa tangu 1856 huenda halikuwa na uzito wa siasa tunaoufikiria. Lilikuwa jina la zamani, la nyakati kabla ya Wajerumani, sawa na ahadi ya kurudi kwa wazee. Hussein alilichukua jina lile lile akaligeuza kuwa ufa. Mhusika anapojisikiliza mwenyewe, anatambua kwamba ahadi aliyotamka inawatoa watu kwa bwana mmoja na kuwakabidhi kwa mwingine. Basi ni nani aliyesema kwa kinywa chake? Ni Hongo, au ni yeye? Kuanzia hapo hana usingizi tena. Kwa maoni yangu huo ndio moyo wa tamthilia, kuliko vita vyenyewe.

Pembeni yake mtunzi amemweka Kitunda, jemadari, ambaye hayaamini maji kama wengine wanavyoyaamini. Kitunda anaona kwamba kazi halisi ya maji ni kuwaunganisha watu ambao jana walikuwa wakigombana, na kwamba risasi zinahitaji mbinu. Wengi huandika kwamba Kitunda ni akili na Kinjeketile ni imani. Si kosa, lakini ni nusu. Kinjeketile naye ana akili ya kutosha kuliona tatizo. Kinachomtesa ni kwamba neno lake limekwisha kutoka, watu wamelipokea, na sasa si lake tena. Anayetaka kumchora mhusika huyu katika insha aanze hapo, kwenye mtu anayeshindwa kulikamata neno alilolitamka mwenyewe.

Na mwishoni, gerezani, anatakiwa akane, atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Darasa letu liligawanyika kwa ajili ya ukurasa huo. Lakini mtunzi ameweka sababu: mhusika hatetei maji. Anafikiri juu ya watoto watakaozaliwa baadaye, ambao wangeambiwa kwamba baba zao walikosea kupigana, kumbe kilichokosea ni silaha. Yaani swali la kudanganya, ambalo sisi tulilianza nalo, yeye analiacha kando na kujibu lingine. Anayeandika kwamba Kinjeketile ni mwongo hajasoma ukurasa wa mwisho, na anayeandika kwamba aliamini maji hadi kufa hajasoma kurasa za katikati. Swali la mtihani likisema jadili uhusika wa Kinjeketile, alama ziko katika umbali kati ya kurasa hizo.

Ninarudi kwa mwenzetu wa Lubero, maana deni lake sijalilipa. Sisi wa Kivu ya Kaskazini tunasoma tamthilia hii tukiwa na kitu ambacho msomaji wa Dar es Salaam hana. Mwaka 1964 Simba walipigana huku wakilitaja jina la Mulele pamoja na maji, wakiwa wamepewa dawa na masharti. Tangu miaka ya 1990 tunaishi na Mai-Mai, na jina lenyewe ni maji tu, kama Kiswahili chetu cha Kongo kinavyoyatamka. Hakuna haja ya kuchora njia ya maji kutoka Ngarambe hadi Lubero. Inatosha kuona kwamba kazi yake inafanana, hasa katika masharti. Mtu akipigwa risasi, huku hatuambiwi kwamba maji ni uongo. Tunaambiwa kwamba alivunja sharti: aligusa alichokatazwa, aliiba, aligeuka nyuma. Kwa njia hiyo maji hayashindwi hata siku moja, anayeshindwa ni marehemu. Nadhani hicho ndicho kilichomfunga mwenzetu mdomo. Sisi tulikuwa tunauliza kama mganga alikuwa mwongo, na katika masikio yake tulikuwa tunauliza kama ndugu yake alikuwa mjinga, au kama alivunja sharti.

Wajerumani wa mwaka 1905 wangejibu kwamba alikuwa mjinga. Wazee waliohojiwa mwaka 1968 hawakujibu hivyo. Walieleza pamba, viboko, kodi, halafu wakaeleza maji, kwa mpangilio huo. Katika simulizi zao mtu anayapokea maji baada ya kuishiwa na njia nyingine, na anayapokea pamoja na jirani yake, ambaye siku hiyo ndipo anapojua kwamba hatasaliti. Hussein naye alifungua tamthilia kwa mpangilio huo: kabla hatujamwona Kinjeketile, kabla ya pepo na mto, kuna wanawake wanaozungumza juu ya chakula kilichopungua nyumbani.

Kinjikitile aliponyongwa, kazi ya Ngarambe haikusimama. Ndugu yake alishika nafasi akajiita Nyamguni, jina la mzimu mwingine wa nchi ile, na maji yakaendelea kutolewa.

Mimi katika mtihani niliandika juu ya Sayyid Said na ule ufa. Mwenzetu wa Lubero hakuandika juu ya Kinjeketile hata kidogo. Aliwachagua wale wanawake wa mwanzo, akajaza kurasa nne juu ya mke anayengoja nyumbani, asiye na chakula cha kuwapa watoto na asiyejua mume wake amechukuliwa na nini.